Simu Iliyokuja na Sanduku la Harusi

Mwanasiti, wewe na wenzio mmenishikilia niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau hata moja. Kilichoniondoa mezani ni macho, si akili. Siku niliyoitafuta nati asubuhi nzima, kumbe nimeikalia, nilijua wakati umefika. Basi nitawapa niliyo nayo, lakini msitarajie nieleze nilivyopanda vyeo, maana sikupanda popote. Nilianza kazi nimekaa juu ya kigoda na nimeimaliza nimekaa juu ya kigoda. Tofauti ni kwamba cha pili kina mto.

Aliyenifundisha ni ami yangu Sudi, mdogo wake babangu, aliyekuwa akitengeneza redio na kaseti katika chumba cha chini cha nyumba yetu hapa Mji wa Kale, chumba hiki hiki mnachofanyia kazi sasa. Nilipelekwa kwake baada ya kuifungua pasi ya umeme ya mamangu nikashindwa kuifunga. Mama alitaka nitiwe adabu. Ami akaniuliza ni parafujo gani iliyonishinda. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi wala chuma cha kulehemia. Alinipa brashi ya rangi iliyokwisha nywele, akaniambia nipanguse vumbi ndani ya redio zote za rafuni. Nilinuna. Nilidhani nimekuja kujifunza ufundi, kumbe nimekuja kufagia nyumba za mende.

Katika redio moja nikakuta bangili ya dhahabu imefungwa kwa kitambaa na kusokomezwa nyuma ya spika. Nikamkimbilia Ami nayo, nikitaraji sifa. Aliitazama, akaichukua, akairudisha pale pale ilipokuwa, akafunga mfuniko. Mwenye redio, mama mmoja wa jirani, alipokuja kuichukua, Ami alimwashia, sauti ikatoka safi, wakaagana kwa heri. Hakumwambia neno. Mama alipokwisha kupinda kona ndipo Ami aliponigeukia.

"Yule kilichomleta hapa ni sauti," akasema. "Fundi hutafuta ugonjwa. Ukikutana na siri njiani, ipishe."

Maneno hayo yamenitosha maisha yangu yote ya kazi. Yalinipungukia mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuandika.

Redio zilipoanza kufa zikaja simu. Ami hakuzipenda. Alisema ni chombo kidogo chenye majivuno makubwa. Alipofariki, Mungu amrehemu, nilibaki na meza yake, na watu wa mtaani wakanibandika jina la Bi Waya. Maryam likabaki jina la kitambulisho. Vibanda vya mafundi wanaume vilikuwa vingi, na wengine ni mafundi hasa, siwasengenyi. Lakini mwanamke wa huku kwetu simu yake ina picha zake za arusini, kichwa wazi, amejipamba, amejipiga na dada zake chumbani. Atampaje mwanamume simu hiyo, na namba ya siri juu yake? Heri akae na simu mbovu. Ndipo wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja, ninja zimeshushwa usoni, kama watu wanaokuja kununua dawa wasiyotaka ijulikane.

Nikatundika pazia mlangoni. Nikaweka lile benchi upande wa ndani. Na nikaweka sharti ambalo nyinyi mmelikuta: mwenye simu anakaa kando ya fundi, anabonyeza namba ya siri mwenyewe, na kioo kinamtazama yeye. Fundi akitaka kuona kitu, anaomba. Wateja wapya hudhani ni madaha. Ni ile bangili.

Sikumbuki hasa ni lini programu za kuchungulia zilipoingia mjini. Ninachokumbuka ni jinsi zilivyonichukiza nilipozielewa. Mtu anawekewa programu ndani ya simu yake bila kujua, na aliyeiweka anakaa kwake anasoma meseji zake, anajua yuko wapi, na nyingine humwezesha hata kusikiliza yanayosemwa karibu na simu. Haiweki alama yake kwenye kioo pamoja na programu nyingine. Hujipa jina la kipuuzi, mfano wa kitu cha betri, ukilipita huligusi. Na mara nyingi aliyeiweka ni mtu wa nyumbani, kwa sababu anahitaji kuishika simu mkononi ikiwa imefunguliwa. Mwizi wa mbali hana nafasi hiyo. Mume anayo. Mke naye anayo, tusidanganyane, na nimewaona wa kila namna.

Kila habari hizi zikivuma, benchi hujaa. Bi Waya, simu yangu yapata moto, nachunguzwa! Mamangu, simu yapata moto kwa sababu umeiweka kando ya jiko. Bi Waya, bando langu laisha upesi! Laisha kwa sababu mwanao anatazama katuni chini ya shuka. Wengi niliwarudisha makwao na betri mpya na moyo mtulivu. Kwa hivyo msiwe wepesi wa kumtia mtu hofu. Lakini wala msiwe wepesi wa kucheka. Akija anayesema, "Mume wangu ajua mambo ambayo sikumwambia," huyo mwekeni karibu, mumpe chai, mumsikilize mpaka mwisho.

Wa kwanza niliyeiona programu hiyo kwake kwa macho yangu alikuwa Mama Kadzo, muuza mchicha wa Marikiti, anayekaa Majengo. Alikuja amepandwa na hasira. Kila akipitia kwa dadake, mumewe anajua kabla hajarudi. Tuliitafuta pamoja tukaipata. Nikamwambia tukae kwanza tufikiri. Hakutaka kukaa. Alisema hawezi kutembea na nyoka kifuani hata dakika moja, na kwa kidole chake mwenyewe akaifuta, akaenda zake sokoni kichwa juu. Kabla jua halijapinduka mumewe alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya mboga, anauliza simu ina nini. Bahati hamali wa pale wanampenda, maana huwakopesha maneno mazuri na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Waliweka mikokoteni chini wakamzunguka. Yule bwana akaondoka akitukana ukoo mzima. Mama Kadzo aliniambia hajutii, na mimi namwamini, lakini alinisimulia akiutazama mlango.

Hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna kifaa mezani kinachoweza kulifanya. Ukiifuta programu ile, aliyekuwa akichungulia anaona giza ghafla. Na mtu aliyezoea kuona, akikuta giza, hufunga safari aje atazame mwenyewe. Kwa hivyo muulizeni mteja kwanza: huyo anayekuchungulia ana hasira za namna gani? Una pa kulala? Nani atakupokea? Mkimaliza hayo ndipo mguse simu. Katika kesi hizi simu ni kitu cha mwisho kutengenezwa.

Kuna na waliokuja wakitaka mimi ndiye niwawekee. Mama mmoja alitaka nimwekee bintiye anayesoma chuo, kwa sababu binti hasemi aendako. Nikakataa. Akanijia juu: ni mwanangu, nimemzaa mimi! Nikamuuliza, je, mamake yeye alikuwa akijua kila alikokwenda? Alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Alitoka bila programu, lakini hofu yake alitoka nayo vile vile. Hofu ya mzazi sikuwahi kuipatia dawa, na sitaki mdhani nilikuwa nayo.

Sasa nije kwa Zuhura. Mwenyewe ameniruhusu niandike, nami nimemsomea kila mstari.

Mnajua desturi yetu. Kabla ya harusi upande wa bwana huleta sanduku, likafunguliwa mbele ya wanawake, na kila kilichomo kikainuliwa juu kionekane: leso, viatu, mafuta, udi. Siku hizi na simu. Simu ya Zuhura ilikuwa ya bei, tena ilikuja nje ya boksi lake, imeshatiwa laini na imeshawashwa. Bwana harusi alituma neno kwamba bibi harusi asisumbuke na chochote, yeye amekwisha kumtayarishia kila kitu. Mamake Zuhura alinieleza jinsi walivyolisifu pendo hilo. Waliipigia vigelegele.

Mnajua pia kwamba bibi harusi ana somo wake, mwanamke mzima aliyeaminiwa, anayekaa naye chumbani siku za kuelekea harusi akamfunza mambo ya unyumba. Na kazi ya somo haiishi siku ya harusi. Mke akipatwa na jambo humwendea somo kabla ya kumwendea mamake. Yanayosemwa baina yao hayatoki. Somo wa Zuhura alikuwa Bi Mwanamkuu, aliyewafunza wanawake wengi wa mtaa huu, mwanangu wa kike akiwamo. Mpaka leo sijui alimfunza nini mwanangu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ndoa ya Zuhura haikuwa na raha, na alizoea kumwendea Bi Mwanamkuu kupunguza mzigo wa moyo. Siku moja katika ugomvi mumewe akamrushia maneno. Hayakuwa matusi. Yalikuwa maneno ya somo, neno kwa neno, aliyoambiwa chumbani kwa Bi Mwanamkuu, mlango umefungwa, wawili peke yao. Ni maneno gani sikuambiwa, wala sikuuliza. Zuhura akapiga hesabu. Waliojua maneno yale ni watu wawili. Yeye hakuyasema. Basi amebaki mmoja.

Akatoka alasiri ile ile, akaenda kusimama barazani kwa Bi Mwanamkuu, majirani wamejaa, akapiga kelele kwamba mwanamke huyu anauza maneno ya wake za watu kwa waume zao. Bi Mwanamkuu alitoka mlangoni akamsikiliza mpaka akamaliza. Akasema, "Sikusema, mwanangu," akafunga mlango. Hakuongeza hata neno. Watu walichukulia kunyamaza kwake kuwa ni kukiri. Lakini angejitetea vipi? Angelazimika kuuliza ni maneno gani, na maneno yale hayatamkiki barazani.

Tangu siku hiyo hakuitwa tena. Harusi zikapita mtaani, masomo wakaletwa kutoka mitaa mingine, na yeye alikaa dirishani kwake akisikiliza ngoma za watoto aliowaona wakizaliwa. Zuhura naye alibaki hana wa kumwambia lake. Na mume, aliyejua ukweli wote, alinyamaza akala chakula chake.

Karibu mwaka ukapita hivyo. Ndipo asubuhi moja Zuhura akaja dukani na simu ile, kioo kimepasuka. Akasema ilianguka ngazini. Mimi nimeona vioo vingi vilivyoanguka ngazini. Kile kilikuwa kimetupwa ukutani. Nikambadilishia.

Ukibadilisha kioo lazima ujaribu kila kitu: mguso, spika, kipaza sauti. Nilipofika hapo, nikaona kile kidoa cha kijani cha juu, kinachoonyesha kwamba kipaza sauti kinatumika, kimewaka, na sisi hatujafungua chochote. Nikamwomba afungue mahali panapoonyesha programu zilizoruhusiwa kusikia. Akafungua. Akanigeuzia kioo mwenyewe, kwa sababu hakuelewa alichokiona. Katikati ya zile anazozijua palikuwa na moja yenye jina la betri. Betri inasikia nini?

Hapo ndipo maneno ya Ami yaliponipungukia. Nimekutana na siri njiani, na mimi desturi yangu ni kuipisha. Nilikaa nimeishika simu kama mtu aliyeiba. Kisha nikaikumbuka bangili. Yule mama aliificha kwa mkono wake, ndani ya redio yake. Hii alifichwa mwenye simu mwenyewe. Siri anayofichwa mwenye chombo ndani ya chombo chake si siri yake. Ni ugonjwa wa chombo, na ugonjwa ndiyo kazi yangu.

Nikaweka kidole mdomoni. Nikaichukua simu nikaipeleka chumba cha pili kwa jirani yetu Bi Rehema, mshona nguo, nikaiweka kando ya cherehani. Kama kulikuwa na mtu anasikiliza wakati ule, alisikia sare za shule zikishonwa mpaka akachoka. Nikarudi, nikafunga mlango, nikakaa karibu na Zuhura.

"Simu yako inasikia," nikamwambia. "Yale yanayosemwa ilipo, hata ikiwa mkobani, hata kioo kikiwa kimezimwa. Na inasema uko wapi."

Aliniuliza tangu lini. Nikamwambia kwamba programu ile ina tarehe yake ya kuwekwa, na ni kabla ya harusi. Iliingia nyumbani kwao ndani ya sanduku.

Nilingoja amlaani mumewe. Nilikwisha kujiandaa na maneno ya kumtuliza. Lakini alinitazama kama hanioni, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ya Rabbi," akasema. "Nimemfanya nini somo wangu?"

Akalia. Mimi nimezoea machozi, benchi lile limelowa mara nyingi, lakini siku ile nililia naye, siwafichi. Alipokwisha kunisimulia yote alisimama anataka kwenda saa ile ile kwenye baraza ile ile, aseme ukweli kwa sauti ile ile. Nilimshika buibui. Nikamwambia maneno ya barazani yatamfikia mumewe kabla hajavuka mtaa. Nikamuuliza kama huwa anampiga.

"Mimi bado," akajibu. "Ukuta ndio umeanza."

Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla wala baada yake. Niliking'oa kioo kipya nilichokwisha kukifunga, nikairudishia simu kioo kilichopasuka. Ilikuwa kama kumrudishia mtu homa. Lakini sasa simu ilikuwa na sababu ya kulala kwangu: kioo chake hakijapatikana. Mume akimuuliza, amwambie hivyo. Akija mwenyewe kutazama, atakikuta kimepasuka. Tukaiacha kwa Bi Rehema ikisikiliza cherehani, sisi tukapita uchochoroni kwenda kwa Bi Mwanamkuu, mikono mitupu.

Tulipiga hodi. Bi Mwanamkuu alipomwona Zuhura akasema, "Karibuni," kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni. Zuhura alianguka miguuni pake akilia. Ikabidi mimi nieleze. Nilieleza polepole, maana bibi yule simu yake ni kabambe ya kupigia na kupokea, imefungwa mpira ili betri isidondoke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kwa hivyo alikuwamo chumbani nasi?"

"Alikuwamo, Bi."

Akajifunika uso kwa leso. Sikuona hasira pale. Ilikuwa haya, haya ya mwanamke aliyechunguliwa akioga. Nilimwona mdogo ghafla, na nilimchukia yule kijana kwa chuki ambayo sijapata kumchukia mtu.

Alipojifunua alikuwa amekwisha kujituliza. Zuhura akamwambia anatoka barazani sasa hivi kumsafisha jina, liwalo na liwe. Bi Mwanamkuu akamshika mkono akamkalisha kando yake.

"Hutoki," akasema. "Jina langu limelala mwaka mzima, halifi likilala tena kidogo. Wewe utoke nyumba ile kwanza. Ukiwa kwenu, salama, ndipo utaniombea radhi."

Na ikawa hivyo. Zuhura alimweleza babake ana kwa ana, bila simu karibu. Mzee akapanga mambo yake kimyakimya na ndugu zake. Zuhura akaenda kwao kama anayekwenda kumtazama mgonjwa, na hakurudi. Yaliyofuata yalifika kwa Kadhi, na ya huko si yangu kuyaandika. Simu ile babake aliirudisha kwa yule bwana kwa mkono wake, kioo kimepasuka na programu yake ndani. Hatukuifuta. Alitaka kusikia, basi na asikie.

Lakini mambo hayo hayaishi kwa wiki. Miezi ilikwenda, na muda wote huo mimi nilijua ukweli, na sikuwa na ruhusa ya kuusema. Wanawake walikaa kwenye benchi langu wakimteta Bi Mwanamkuu, yule mwenye mdomo mpana, yule asiyefaa kupewa mwari wa kumfunza. Nami nimeinama juu ya meza, meno nimeyauma. Nilikuwa nikipita chini ya dirisha lake asubuhi nikimwamkia, sabalkheri Bi, naye akinijibu kwa upole ule ule, kana kwamba hatuna letu. Katika miaka yangu yote, kazi ngumu kuliko zote niliyoifanya ni ile ya kufunga mdomo. Na yeye ndiye aliyekuwa akisengenywa, si mimi.

Talaka ikatoka, eda ikaisha. Kisha mdogo wake Zuhura akachumbiwa. Sanduku lilipoletwa lilikuwa na simu, ndani ya boksi lake, utepe wa kiwandani haujabanduliwa, na kabla haijapelekwa chumbani kwa mwari mamake aliituma kwangu niitazame. Ilikuwa safi. Nasikia siku hizi wengi mtaani hufanya vivyo hivyo. Upande wa bwana wengine hununa, na wakinuna ndipo mtazame vizuri zaidi.

Siku ya wanawake kukusanyika, mimi nilipewa kazi ya mlangoni. Mnajua wanawake wakijipamba kichwa wazi hakuna simu inayoingia, zote huachwa nje kwa sababu ya picha. Wakasema nani atakaa na pakacha la simu kama si Bi Waya, anayezijua zote kwa magonjwa yake. Nikakaa nalo mapajani. Kila aliyeingia alitumbukiza yake, na mimi nikazipokea, wewe betri yako imevimba, wewe kioo chako ni kazi ya Mwanasiti, wewe njoo kesho. Bi Mwanamkuu aliletwa na Zuhura mwenyewe, amemshika mkono. Alikalishwa pembeni karibu na mlango, na nafasi ya kando yake hakuna aliyeikalia.

Zuhura akasimama katikati ya ukumbi.

"Mlikuwapo niliposimama barazani kwa Bi Mwanamkuu nikasema ameyauza maneno yangu. Nilimzulia. Aliyesikia ni mume wangu, kwa simu niliyoletewa kwenye sanduku, ile tuliyoipigia vigelegele. Somo wangu ameujua ukweli huo siku nyingi. Amekubali mumwone mwongo, ili mimi nipate kutoka salama. Naomba radhi kwake mbele yenu, kama nilivyomtukana mbele yenu."

Akapiga magoti akambusu mikono. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wale walioketi benchi langu wakisema waliyoyasema walitazama chini, kila mmoja kwenye hina yake. Kisha mama wa bibi harusi akasimama, akaja mbele ya Bi Mwanamkuu, akamwambia kwamba mwanawe yuko chumbani, na hajafunzwa bado, alikuwa akimngojea yeye.

Bi Mwanamkuu akainuka polepole. Lakini badala ya kwenda chumbani alikuja mlangoni kwangu. Akatia mkono kifuani, akaitoa ile kabambe yake yenye mpira, akaniwekea juu ya zile simu nyingine.

"Hii haina hata kamera, Bi," nikamwambia. "Ingia nayo tu."

"Iweke," akasema. "Nataka waone nimeingia mikono mitupu."

Akawaonyesha viganja, vyote viwili, wanawake wa ukumbi mzima, kisha akaingia chumbani kwa mwari na mlango ukafungwa. Nikabaki nje na pakacha mapajani, simu za mtaa zikitetemeka ndani yake, sikugusa hata moja. Alimwambia nini bibi harusi, mimi sijui. Wala bwana harusi hajui.